Grainda Iliyoungua: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Katika karakana za kuchomelea vyuma zilizomo katika kata ya Nyalikungu, mjini Maswa, Mkoa wa Simiyu, hakuna chombo kinachofanyishwa kazi ngumu kuliko grainda. Mashine ya kuchomelea hupumzika wakati fundi anapopima na kupanga vyuma vyake. Msumeno wa mkono hupumzika mkono unapochoka. Grainda haipumziki. Hukata bomba, hulainisha mshono uliokwisha kuchomelewa, huondoa kutu, na jioni hunoa panga la jirani bila malipo. Kwa hiyo ndiyo aghalabu hufa kwanza. Siku inapokufa, mwenye karakana hukabiliwa na swali linaloonekana dogo: aipeleke kwa fundi wa umeme, au anunue mpya? Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba ndani ya swali hilo imo fizikia na imo hesabu, zile zile zifundishwazo katika kidato cha tatu na cha nne, na kwamba mtu anayelijibu kwa kubahatisha hupoteza fedha, na pengine jicho.

Nyalikungu nimeichagua kwa sababu kazi ya chuma huko huja kwa msimu. Wilaya ya Maswa ni nchi ya pamba na ya plau za kukokotwa na ng'ombe. Pamba inapouzwa, katikati ya mwaka, ndipo watu wanapopata fedha za kuagiza mageti, madirisha, na mikokoteni, na ndipo plau zilizochakaa zinapoletwa ziongezewe chuma. Aidha shule nazo huagiza madawati yenye miguu ya chuma. Wasomaji wengi watakumbuka mwaka 2016, Serikali ilipoagiza kwamba upungufu wa madawati nchini umalizwe ifikapo tarehe 30 Juni; karakana za kuchomelea zilifanya kazi usiku na mchana. Grainda ikifa katika miezi kama hiyo, hasara yake si bei ya grainda peke yake. Kwa upande mwingine, kipuri kisichopatikana Maswa hapana budi kiagizwe Shinyanga au Mwanza, kije kwa basi. Siku zinazopotea katika kungoja ni sehemu ya gharama, ijapokuwa hakuna mtu anayeziandikia stakabadhi.

Tuanze na chombo chenyewe. Grainda ya aina hii si ya kale sana. Kampuni ya Ackermann + Schmitt ya Ujerumani ilitoa grainda yake ya kona iendayo kasi mwaka 1954, ikaiita Flex, na hadi leo Mjerumani wa kawaida huiita grainda yoyote kwa jina hilo. Ndani yake mna mota ya namna moja na ile iliyomo katika drili, katika mashine ya kusagia matunda, na katika cherehani ya umeme. Mota hii ina sehemu mbili zenye waya wa shaba: koili zilizosimama kandokando, na amecha inayozunguka katikati. Umeme huingia katika amecha kwa njia ya vijiti viwili vya kaboni, ambavyo mafundi huviita kaboni tu, vinavyosukumwa na springi ili vigusane na komyuteta, yaani pete ya vipande vya shaba iliyo kwenye ncha ya amecha. Koili na amecha zimeungwa kwa mfuatano, hivyo mkondo ule ule hupita kote. Amecha huzunguka kwa kasi ya mizunguko 20,000 hadi 30,000 hivi kwa dakika. Giya zilizo kichwani huipunguza kasi hiyo, hata jiwe la grainda ndogo ya milimita 115, yaani inchi nne na nusu, huzunguka kiasi cha mara 11,000 kwa dakika.

Mwanafunzi aliyesoma sumakuumeme anajua kwamba waya unaozunguka ndani ya uga wa sumaku huzalisha umeme wake wenyewe unaopingana na ule unaouzungusha. Upinzani huo ndio unaoilinda mota. Mota inapokwenda kwa kasi yake, upinzani ni mkubwa na mkondo ni mdogo: grainda ya wati 850 katika umeme wa volti 230 huchukua kiasi cha ampea 4 hivi. Lakini fundi akiikandamiza hadi mlio wake ushuke, kasi hupungua, upinzani hupungua, na mkondo huongezeka. Joto linalozalishwa ndani ya waya hulingana na mkondo uliozidishwa kwa wenyewe. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Na balaa huja mbili pamoja, kwa sababu feni inayopoza mota imefungwa katika ekseli ile ile ya amecha. Kasi ikipungua, na upepo hupungua.

Jambo hili ndilo linaloziua grainda nyingi mahali palipo mwishoni mwa njia ndefu ya umeme. Tuseme volti zimeshuka kutoka 230 hadi 180, na fundi anataka kazi ile ile kwa muda ule ule. Ili apate wati zile zile, mkondo hauna budi kuongezeka kwa kiasi cha 230 kugawa kwa 180, na joto huongezeka kwa mraba wa namba hiyo, yaani mara 1.6. Fundi haoni chochote ila kwamba grainda leo ni dhaifu, naye huikandamiza zaidi.

Waya wa shaba wenyewe hauungui kwa urahisi. Kinachoungua ni vanishi, ile ngozi nyembamba inayozuia mzingo mmoja wa waya usigusane na mwingine. Vanishi hizi zimepangwa kwa madaraja: daraja la E huvumilia nyuzi 120 za Sentigredi, la B nyuzi 130, la F nyuzi 155. Wahandisi hutumia kanuni ya kukadiria kwamba kila joto linapozidi kiwango hicho kwa nyuzi 10, umri wa vanishi hupungua kwa nusu. Mota iliyosanifiwa kwa nyuzi 130 ikitumikishwa katika nyuzi 150, umri wake ni robo ya ule uliotazamiwa. Kwa hiyo grainda haiungui ghafla siku ile moshi unapotoka. Ilianza kuungua tangu zamani, kidogo kidogo, na moshi ni taarifa iliyochelewa.

Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya ugonjwa na ugonjwa, nami nashauri kwamba swali la kutengeneza au kununua lisiulizwe kabisa kabla ya ugonjwa kujulikana. Grainda iliyonyamaza kimya, bila moshi wala harufu, mara nyingi haina kubwa. Waya wake umekatika ndani ya mpira pale unapoingia mwilini, mahali unapokunjwa kila siku; au swichi imejaa vumbi; au kaboni zimekwisha. Kaboni hutengenezwa ili ziishe, kama sabuni. Zikibaki milimita 5 au 6 hivi, springi haiwezi tena kuzisukuma barabara, cheche huongezeka, na mwishowe mota husimama. Kuzibadili ni kazi ya dakika kumi. Grainda inayopiga kelele za kukwaruza imechoka beringi au giya. Hizo nazo hubadilika, maadam mwili haujapasuka. Lakini grainda yenye harufu ya vanishi iliyoungua, ambayo cheche zake zimeizunguka komyuteta kama pete ya moto, hiyo amecha yake imegusana waya kwa waya, na hapo mambo ni mengine.

Fundi mwenye mita ya kupimia anaweza kuhakikisha. Kila kipande cha komyuteta na jirani yake vina koili kati yao, na ukinzani wa koili hizo zote hauna budi kuwa sawa. Akipima jozi moja baada ya nyingine akazunguka pete nzima, namba zikawa sawa, amecha ni nzima. Jozi moja ikionyesha ukinzani pungufu, waya zimegusana hapo. Ikionyesha ukinzani mkubwa mno, waya umekatika. Hapa hakuna nafasi ya kubishana.

Swali linalofuata ni kama amecha iliyoungua yaweza kusukwa upya. Kwa mota kubwa jibu ni ndiyo, na mafundi wetu wanaiweza kazi hiyo sana. Mota ya kinu cha kusagia mahindi, au mota za vinu vya kuchambulia pamba, zina waya mnene, nafasi ya kutosha, na kasi isiyozidi mizunguko 3,000 kwa dakika. Utafiti uliotolewa mwaka 2003 na vyama vya watengenezaji wa mota vya Marekani na Uingereza, EASA na AEMT, ulionyesha kwamba mota ya namna hiyo ikisukwa upya kwa utaratibu mzuri haipotezi ufanisi wake. Kinachoiharibu ni haraka: fundi anayeichoma katika moto mkali wa kuni ili waya za zamani zitoke kwa urahisi huunguza pia utando uliopo kati ya sahani nyembamba za chuma, na tangu siku hiyo mikondo midogo huzunguka ndani ya chuma chenyewe na kukitia joto bure. Mwenye kinu atalipa ujinga huo katika bili yake ya umeme miaka yote.

Amecha ya grainda ni kitu kingine. Waya wake ni mwembamba, na zaidi ya hayo kasi yake ni kubwa mno. Tufanye hesabu moja. Tuseme fundi amemaliza kusuka, na upande mmoja umezidi mwingine kwa gramu moja tu ya waya au vanishi, ikiwa milimita 15 kutoka katikati. Kwa mizunguko 30,000 kwa dakika, kasi ya pembe ni radiani 3,142 kwa sekunde. Kani inayotoka nje ni uzito huo wa kilo 0.001 mara nusu kipenyo cha mita 0.015 mara mraba wa 3,142. Jibu ni nyutoni 148. Gramu moja imekuwa kama mzigo wa kilo 15, unaovuta upande huu na upande ule mara 500 kila sekunde. Beringi ndogo kama kifundo cha kidole haiwezi kustahimili hali hiyo kwa miezi mingi. Kiwandani kila amecha huwekwa katika mashine ya kusawazisha kabla ya kufungwa, nayo hukwanguliwa chuma hadi ikae sawa. Karakana ndogo ya kusuka mota aghalabu haina mashine hiyo. Kwa maoni yangu, amecha ya grainda ndogo iliyoungua isisukwe. Ama inunuliwe amecha mpya iliyo kamili, ama grainda ipumzishwe.

Nilipopita katika karakana mojawapo ya Nyalikungu, niliikuta grainda ya namna hiyo imefunguliwa juu ya meza. Fundi alikuwa na madawati ya shule moja ya sekondari, na siku ya kufungua shule ilikuwa karibu. Mwaka ule ule alikwisha kubadili waya, kisha kaboni, kisha beringi. Sasa moshi ulikuwa umetoka. Nilipomwuliza atafanyaje, akasema, "Mwalimu, nimetia fedha nyingi humu ndani. Nikiitupa si zote zimepotea?"

Maneno hayo ni ya kawaida, nami nimeyasikia hata kwa watu wenye shahada. Lakini fedha alizokwisha kutia zimekwenda, awe ameitengeneza au ameitupa. Hazirudi kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, na kwa sababu hiyo hazina haki ya kuingia katika hesabu. Kinachostahili kuulizwa ni hiki tu: kuanzia leo, kila mwezi wa kazi nitaulipia shilingi ngapi?

Tuchukue namba za mfano, ambazo mwalimu anaweza kuzibadili kwa bei za dukani kwake. Amecha mpya pamoja na ufundi ni shilingi 35,000. Ikifaa, grainda itafanya kazi miezi 6 zaidi, maana giya zake nazo zimechoka. Lakini uwezekano wa kufaa ni sita katika kumi. Matumaini ya wastani basi ni miezi 3.6, na gharama ya kila mwezi ni shilingi 9,700 hivi. Grainda mpya ya bei nafuu ni 80,000 na hudumu miezi 10: shilingi 8,000 kwa mwezi. Grainda imara ni 240,000, hudumu miezi 40, nayo itataka kaboni na beringi za shilingi 24,000 katika maisha yake: shilingi 6,600 kwa mwezi. Sasa linganisha na siku ile alipobadili kaboni kwa shilingi 5,000, kukiwa na uwezekano wa tisa katika kumi kwamba chombo kingeendelea miezi 8. Hiyo ni chini ya shilingi 700 kwa mwezi! Kwa hiyo hakukosea kuitengeneza mara zile za kwanza. Chombo kile kile, mikono ile ile, na jibu limegeuka kwa kuwa ugonjwa umegeuka.

Tuongeze siku za kungoja. Ikiwa karakana hupata faida ya shilingi 15,000 kwa siku, na amecha itachukua siku nne kufika kutoka Mwanza, hizo ni 60,000 nyingine. Matengenezo ya 35,000 yamekuwa ya 95,000, na gharama ya kila mwezi imepita shilingi 26,000. Mara nyingi hesabu ya namna hii huamuliwa na basi kuliko na fundi. Mwenye grainda mbili, moja ikiwa ya akiba, haangukiwi na mzigo huo, naye anaweza kungoja kipuri kwa utulivu.

Msomaji atauliza: ikiwa grainda imara ndiyo rahisi kuliko zote kwa mwezi, kwa nini karakana nyingi hununua ile ya bei nafuu? Jibu ni kwamba shilingi 240,000 hazimo mfukoni siku ile. Mtu asiye na akiba hulipa zaidi kwa kila mwezi kwa sababu hawezi kulipa kwa pamoja, na hili si kosa la hesabu yake bali la hali yake. Fundi wa Nyalikungu aliomba shule impe sehemu ya malipo kabla. Mkuu wa shule alikubali baada ya kusitasita, na grainda imara ilinunuliwa. Madawati yalichelewa siku tano. Wanafunzi wa mkondo mmoja walikaa watatu watatu juma zima la kwanza.

Lipo jambo ambalo haliwezi kuwekwa katika shilingi, nalo ni usalama. Jiwe la milimita 115 linalozunguka mara 11,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia mita 66 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 238 kwa saa. Mawe mengi ya kukatia yameandikwa mwisho wa mita 80 kwa sekunde. Wapo mafundi wanaoondoa kinga ya chuma na kufunga jiwe kubwa la milimita 230 katika grainda ndogo, ili wakate chuma kinene. Ukingo wa jiwe hilo sasa hukimbia mita 132 kwa sekunde, na kwa kuwa mkazo ndani ya jiwe hufuata mraba wa kasi, ni mara 2.7 ya ule uliosanifiwa. Jiwe likipasuka, hakuna anayeweza kulikwepa. Grainda isiyo na kinga basi haijatengenezwa, hata kama inazunguka vizuri.

Kadhalika swichi. Fundi anayeiona swichi imekufa na kuunganisha waya moja kwa moja ameokoa shilingi chache na kutega mtego. Umeme ukikatika, chombo hunyamaza juu ya meza, watu hukisahau. Ukirudi, grainda huruka yenyewe. Na mtu atazame kibandiko kilicho mwilini: alama ya mraba ndani ya mraba maana yake chombo kina kinga mbili za umeme, nacho hakihitaji waya wa ardhini. Kinga hiyo ya pili ni plastiki ya mwili. Ukipasuka na kufungwa kwa waya wa chuma, kinga imekwisha, na hapo sishauri matengenezo yoyote, hata yawe ya bure.

Nchi nyingine zimeanza kulifanya jambo hili kuwa la sheria. Ufaransa mwaka 2021 ilianza kuwalazimu wauzaji wa baadhi ya vyombo, kama vile simu na mashine za kufulia, waonyeshe kwa alama hadi kumi ni kwa urahisi gani chombo hutengenezeka. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la haki ya matengenezo mwaka 2024. Sababu yao kubwa ni takataka: mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za vyombo vya umeme vilivyotupwa, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Sisi tumekuwa tukitengeneza kwa sababu ya uhaba, bila kungoja sheria. Lakini uhaba haumwambii fundi ni kipi kinachotengenezeka. Inafaa muuzaji wa dukani aulizwe, kabla fedha hazijatoka mkononi, kama kaboni na amecha za chombo hicho zinapatikana Maswa au angalau Mwanza. Akishindwa kujibu, bei aliyoitaja si bei kamili.

Grainda iliyokufa ya Nyalikungu haikutupwa. Fundi alichukua beringi, giya, kinga, na waya. Amecha na koili alimpa mwalimu wa fizikia wa shule ile. Amecha hiyo ni kifaa cha kufundishia kisichonunulika kwa urahisi: wanafunzi wanaweza kuhesabu vipande vya komyuteta, kuipima jozi moja moja, na kukitafuta wenyewe kipande kilichogusana. Koili zilizosimama zilikuwa bado nzima. Wanafunzi wapime ukinzani wake asubuhi, zikiwa baridi. Kisha mwalimu azipitishie mkondo mdogo wa betri kwa nusu saa, na wapime tena. Ukinzani wa shaba huongezeka kwa kiasi cha 0.0039 ya thamani yake kwa kila nyuzi moja ya Sentigredi. Kama ukinzani umetoka omu 2.00 hadi 2.31, wakokotoe joto limepanda kwa nyuzi ngapi, kisha waweke mkono karibu na koili, bila kuigusa, waone kama hesabu yao inasema kweli.